Valvu Niliyoikaza Mara Mbili

Vijana mnaosomea ufundi hapa mjini hunijia mara kwa mara, hasa wakati wa likizo, mkitaka niwaonyeshe mambo ya boila. Swali la kwanza huwa ni kazi hii inalipa vipi. Siwalaumu. Hata mimi nilipotoka Chepsaita kwenda kuandikwa kazi, nikiwa na viatu vya kuazima, hilo ndilo nililouliza. Lakini kuna swali lingine ambalo bado sijalisikia kwa hata mmoja wenu. Siku mdosi wako atakapokuambia ufanye kitu kinachoweza kuua watu, na watu hao hao waje kukusihi ukifanye, utafanya nini? Mimi niliulizwa hilo mara mbili, na mara zote mbili nilijibu vibaya kabla ya kujibu vizuri.

Boila, kwa wale ambao hamjaisogelea, ni sufuria kubwa iliyofungwa. Chini kuna moto, juu kuna maji, na mvuke unasukumwa kwenye mabomba kwenda kufanya kazi. Nilifanya miaka mingi katika kiwanda cha plaiwudi nje kidogo ya Eldoret. Mvuke wetu ulipasha joto mashine ya kushindilia mbao nyembamba zilizopakwa gundi. Ukipungua, gundi haishiki na bodi zinaachana kama kurasa za kitabu kilichonyeshewa. Ukizidi, kuna kidude kimoja tu kati yako na kaburi, nacho ni valvu ya usalama. Presha ikipita kiasi, valvu inajifungua yenyewe, inapiga kelele na kutoa mvuke nje. Ni springi inayobana kifuniko, basi; ukiikaza, kifuniko hungoja presha kubwa zaidi. Mkaguzi wa serikali huifunga kwa waya mwembamba wenye muhuri, ili mtu yeyote asiiguse.

Kazi yenyewe nilifundishwa Timboroa, katika kiwanda cha mbao, na mzee mmoja kutoka Bungoma aliyeitwa Wafula. Timboroa kuna baridi ya kukata masikio, na sisi wa boila tulijiona tumebarikiwa, maana tulikuwa tunalipwa kuota moto. Wafula aliita boila mama mkwe. Alisema humpi mgongo, humsemeshi ukiwa umelewa, na akinyamaza ghafla ujiulize umekosea wapi.

Wiki yangu ya tatu pale, maji yalipotea kwenye kioo. Kile kioo ni bomba dogo mbele ya boila linaloonyesha maji yamefika wapi ndani. Nilipoona halina kitu nilirukia swichi ya pampu ili niongeze maji haraka, nikijiona shujaa. Wafula alinichapa mkono kwa mpini wa reki mpaka nikakaa chini. Akanieleza nikiwa bado nimeshika mkono kwamba maji baridi yakigusa chuma kilichoiva, yanageuka mvuke mara moja na jengo lote linaondoka. Ukipoteza maji, akasema, unaua moto kwanza. Unafunga hewa. Unatoa watu. Maji ni mambo ya kesho. Mkono ulivimba wiki mbili, na mama yangu aliponiuliza ni nani alinipiga nikamwambia niko shule.

Jambo lingine alilonifunza ni kwamba maji yaliyo hai hucheza. Ndani ya kile kioo yanapanda na kushuka kidogo muda wote, kama mtu anayepumua. Yakitulia kabisa, usiyaamini. Njia imeziba, na unaangalia maji ya zamani.

Sasa niwaeleze kuhusu Koros, meneja wetu wa plaiwudi. Msifikirie alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sauti ya chini, na mke wangu alipozidiwa wakati wa kujifungua, yeye ndiye aliyempeleka hospitali kwa pikapu yake mwenyewe. Mwenye kampuni alikaa Nairobi. Katika miaka yangu yote pale sikuwahi kumwona akiingia nyumba ya boila, na sidhani angejua valvu ni ipi.

Mara ya kwanza valvu ilipoanza kuvuja ilikuwa msimu wa mvua. Ilichakaa mahali kifuniko kinapokalia, ikawa inapuliza kabla presha haijafika. Mvuke ulikwenda hewani, mashine ikawa baridi, bodi zikaanza kuachana. Dawa yake ilikuwa kununua nyingine kutoka Nairobi, kama wiki moja hivi. Koros alikuja na vikombe viwili vya chai. Mkiona meneja anawaletea chai, amkeni. Akauliza kama haiwezi kukazwa kidogo tu. Nikamwambia ina muhuri wa serikali. Akasema anajua. Tukanywa chai yote, kisha nikachukua spana nikapanda.

Niliikaza nusu mzunguko. Nilipomaliza niliurudisha waya na kuubana kwa koleo vizuri kabisa, hata mkaguzi angeinama karibu asingejua. Nakumbuka niliionea fahari ile kazi ya koleo. Hiyo ndiyo sehemu ambayo bado inanisumbua.

Hakuna kilichotokea. Oda ilitoka kwa wakati. Koros alichinja mbuzi, akaomba, akamshukuru Mungu na akanitaja kwa jina mbele ya watu wote, nami nikala nyama. Kuhusu valvu mpya, haikuagizwa tena. Ya kazi gani, na hii ya zamani imenyamaza? Vijana, kosa likikuletea hasara siku hiyo hiyo una bahati. Langu liliniletea mbuzi.

Baada ya hapo mambo madogo yakaanza kukatwa. Maji yetu yalikuwa ya kisima, yenye madini mengi, na boila inahitaji dawa ndani ya maji ili isiote ukoko. Mmeuona ukoko mweupe ndani ya birika nyumbani. Sasa fikirini birika refu kama lori. Dawa ilipoisha niliandika barua ya kuomba nyingine, nikaandika ya pili, nikaandika ya tatu. Koros alinionyesha kwa simu yake kwamba amezituma zote Nairobi. Jibu lilikuwa lile lile, tutaangalia mwezi ujao. Nami nikaendelea kuwasha.

Mara ya pili ilikuwa mwezi wa saba, na mnajua baridi ya Eldoret mwezi wa saba. Kulikuwa na kontrakta aliyekuwa akijenga maghorofa, na malori yake yalikuwa yamepangwa getini. Kontrakta alimsukuma mwenye kampuni, mwenye kampuni akamsukuma Koros. Valvu ikaanza tena kupuliza, mbaya kuliko mwanzo. Safari hii Koros hakuja na chai.

"Fanya ile ya wakati ule," akaniambia.

Nilikataa. Nilimwambia chuma kimezeeka, dawa ya maji hatuna, na nusu mzunguko wa kwanza ulikuwa tayari umepita mpaka. Hakubishana. Aliangalia saa yake akaondoka, nami nikafikiri nimeshinda.

Haikuchukua nusu saa, akaja Mama Sharon. Huyu alikuwa kiongozi wa vibarua wa kiwandani, kina mama kama thelathini waliokuwa wakiziba matundu ya mbao kabla ya kupakwa gundi. Wengi walitembea kutoka mtaa wa Langas kila asubuhi na walilipwa kwa siku. Hakuna kazi, hakuna siku. Koros alikuwa amewaambia kwamba Mzee Barnaba, yaani mimi, anataka kuzima boila, na ikizimwa kila mtu aende nyumbani mpaka spea ifike.

Hakulia wala hakunigombeza. Alisimama mlangoni akafuta mikono kwa aproni. Alisema watoto wake wanakula kile anachokipata siku hiyo, na kwamba ndani mle si yeye peke yake. Halafu akauliza, "Mzee, hiyo kitu haiwezi kungoja siku mbili?"

Hapo ndipo nilipokosea zaidi, kuliko hata kwa ile spana. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia ni kitu gani hasa naombwa nifanye, na kwamba ukuta ambao yeye na wenzake huegemea wakinywa chai, kwa sababu una joto, ni ukuta wa boila. Sikusema. Niliona aibu kueleza kwamba nimeshaifanya mara moja. Nikamwambia nitaona. Alipoondoka nikapanda ngazi nikaikaza mzunguko mzima, na valvu ikanyamaza kabisa.

Nimefikiria sana kwa nini nilimkatalia Koros na nikashindwa kumkatalia Mama Sharon. Koros alikuwa na cheo tu. Mama Sharon alikuwa na haki. Na Koros alilijua hilo ndipo akamtuma.

Siku iliyofuata tuliwasha mapema na kazi ikaenda vizuri. Malori mawili yakajazwa. Saa nne kengele ya chai ikalia, mashine ikasimama. Ni wakati ambao mtu wa boila anatakiwa kuwa macho, maana mvuke hautumiki lakini moto bado unakula. Kina mama wakatoka na vikombe vyao wakakaa kwenye ule ukuta. Niliwasikia wakicheka upande wa pili.

Mshale wa geji, kile kipimo cha presha, ulianza kupanda. Ukafika kwenye mstari mwekundu, mahali ambapo valvu ingepaswa kufunguka na kutushtua wote. Haikufunguka. Ukapita mstari. Nilifunga mlango wa hewa chini ya moto, nikageuka kuangalia kioo cha maji. Maji yalikuwa nusu, mahali pazuri kabisa. Ila hayakuwa yanacheza.

Nilifungua koki ya chini ya kioo ili yamwagike, kisha nikaifunga nione kama yatarudi. Katika boila nzima maji hurudi kwa nguvu mara moja. Haya yalirudi polepole mno, tone kwa tone, kupitia njia iliyozibwa na ule ukoko. Nikajua kwamba tangu asubuhi, au tangu jana, sikuwa na habari ndani ya ile boila kuna maji kiasi gani. Mkono wangu ulitaka kwenda kwa pampu, nawaambia ukweli, miaka yote ile na bado ulitaka. Niliurudisha.

Kulikuwa na toroli la mchanga na majivu yaliyolowa, pamoja na mabeleshi mawili, kando ya mlango, kwa ajili ya siku kama hiyo. Nilipolivuta karibu, Koros aliingia. Alikuwa ameona kutoka ofisini kwamba moshi umepungua. Simu ilikuwa mkononi, na niliweza kusikia kwamba kuna mtu bado yuko kwenye laini. Akasimama kati yangu na mlango wa moto.

"Yamebaki malori mawili tu, Mzee," akasema. "Yakitoka, zima."

"Presha imepita mstari, na maji siyaoni."

"Kama kungekuwa na shida valvu ingelia."

"Haiwezi kulia, Koros. Tuliiziba mdomo."

Hakusonga. Sikuwa na dakika za kubishana naye, kwa hivyo nilimwacha pale nikatoka mbio kwenda upande wa pili wa ukuta. Niliwaambia kina mama watoke mpaka barabarani. Hakuna aliyeinuka. Walikuwa wameonywa kwamba mtu akitoka nje ya geti kabla ya jioni amepoteza siku yake, na mmoja akauliza kama nimeamua kuwafukuzisha kazi wote. Mama Sharon alikuwa na kikombe mdomoni. Aliuliza kwa upole tu ni nani amesema watoke.

Nikamjibu mbele ya wote. "Ni mimi ndiye niliifunga valvu. Jana niliifunga, na wakati wa mvua niliifunga. Sasa boila siwezi kuizuia. Mkikaa hapa mtakufa, na itakuwa ni mimi nimewaua."

Aliniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile, hata na mama yangu. Kisha akamwaga chai yake chini, akakunja leso akasema, "Twendeni." Thelathini wakaondoka bila kukimbia, wakipita getini mbele ya mlinzi ambaye hakuthubutu kuwauliza kitu.

Nilirudi ndani nikijua huenda nimechelewa. Koros alikuwa bado amesimama pale pale. Kupitia dirisha alikuwa amewaona kina mama wakiondoka. Akaitia simu mfukoni bila kuikata, nadhani, maana sauti iliendelea kuongea ndani ya suruali yake, akachukua beleshi la pili. Tulitupa mchanga na majivu kwenye ule moto sisi wawili, nyuso zikiungua. Kila mara chuma kilipolia nilifikiri ndiyo mwisho. Moto ulipokuwa mweusi tulitoka tukakaa kando ya ua, tukatazama ule mshale kupitia dirisha mpaka ulipoanza kurudi. Koros alitapika. Mimi nilijikojolea, na sioni haya kuwaambia, kwa sababu mkifanya kazi hii mnapaswa kujua hofu yake inafananaje.

Fundi aliyekuja kuifungua ilipopoa alituita tuangalie ndani kwa tochi. Bati lililo juu ya moto lilikuwa limebonyea kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Alisema hajui lilishikiliwa na nini.

Mngetarajia baada ya hapo nisifiwe. Kiwanda kilifungwa wiki nyingi. Vibarua waliambiwa waende na hakuna aliyewapa hata nauli, maana hakuna mtu anayekulipa kwa sababu hukufa. Koros aliandika ripoti. Ilisema kwamba mhudumu wa boila alivunja muhuri wa serikali na kukaza valvu ya usalama mara mbili kwa mkono wake, na kwamba yeye meneja alisaidia kuzima moto. Nilifutwa kwa barua ya mistari mitatu.

Kwa miaka nilikuwa na hasira na ile ripoti. Nilikuwa nikiikariri kichwani nikitafuta uongo uko wapi. Haukuwepo. Kila neno lilikuwa kweli. Chai, Mama Sharon kutumwa, barua zangu tatu za dawa na yule mtu wa kwenye simu, hayo yote yaliachwa tu nje ya karatasi. Mjifunze kusoma ripoti kwa namna hiyo.

Kabla hiyo hasira haijapoa nilienda Langas kumtafuta Mama Sharon. Nilitaka kumwomba msamaha, na pia, nikiwa mkweli, nilitaka aniambie kwamba niliwaokoa. Nilimkuta akifua nguo za watu. Alinipa kiti na hakuacha kufua. Aliniambia ni nani kati ya kina mama wale alihama chumba, ni nani alirudi kijijini, ni nani mtoto wake aliacha shule. Hakuwa ananilaumu, alikuwa ananipa habari. Nikasema najuta kuikaza. Akasema hilo analielewa, hata yeye aliniomba.

"Lakini mimi niliomba bila kujua," akasema. "Wewe ulijua. Ulimwambia Koros, ukaninyamazia mimi. Na ni nani alikuwa anakaa kwa huo ukuta?"

Nilikunywa maji aliyonipa nikaondoka.

Mwaka uliofuata nilipata kazi katika kiwanda kidogo cha maziwa. Boila yake ilikuwa ndogo, geji iko juu ukutani, na kina mama wa kuosha mikebe walifanya kazi hatua chache tu kutoka hapo. Siku yangu ya kwanza niliwaita wote. Niliwaonyesha mshale, mstari mwekundu, kioo na maji yanavyocheza. Niliwaambia wakiona mshale umepita mstari, au maji yametulia, wasingoje kengele wala wasiningoje mimi. Watoke. Mdosi wa pale, kijana aliyesomea biashara, aliniita pembeni akasema nawafundisha watu kazi isiyo yao, nitawatia woga na kazi italala. Nikamjibu kwamba wao ndio walio karibu nayo. Niliwafundisha tena wiki iliyofuata, na kila alipoandikwa mama mpya.

Miezi ikapita. Halafu asubuhi moja pampu ilikataa nikawa nimeinama nyuma ya boila nikihangaika nayo. Nilipoinuka, chumba cha mikebe kilikuwa kimya. Bomba la maji lilikuwa bado linamwaga, mabuti mawili yameachwa katikati ya sakafu. Nikaangalia geji, mshale ulikuwa umegusa mstari, ndio kwanza umegusa, na sekunde hiyo hiyo valvu ikafunguka yenyewe ikapiga kelele yake, nzima kabisa, kama inavyopaswa. Hakukuwa na hatari. Nilipunguza moto, nikatoka nje.

Walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara, mmoja wao bila viatu, wakiniangalia. Mdosi alikuja akikimbia, maziwa yanaharibika, akitaka kujua ni nani amewapa ruhusa ya kuacha kazi.

Nikamwambia ni mimi.